Mabadiliko ya jamii na ushiriki katika soka Uingereza

Ushiriki katika soka nchini Uingereza ulibadilika sana kati ya mwaka 1850 na mwaka 1921 kutokana na ukuaji wa viwanda, sheria za kazi, reli, elimu ya msingi na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Katika kipindi hicho mchezo uliokuwa umetawaliwa na vijana wa matajiri ulifika mikononi mwa wafanyakazi wa viwandani, na kwa miaka michache ukawa wa wanawake pia, kabla hawajafungiwa viwanja. Kanuni za soka ziliandikwa na watu waliosoma katika shule za gharama kubwa. Lakini nani aweze kuucheza lilitegemea mambo mengine: nani ana muda wa mapumziko, nani anamlipia nauli, na nani ana mamlaka juu ya kiwanja.

Katika makala hii jina Uingereza lina maana ya England peke yake. Uskoti, Wales na Eire zina historia zao za soka.

Kabla ya 1850

Kwa karne nyingi mpira ulichezwa vijijini siku za sikukuu, hasa Jumanne inayotangulia Kwaresima. Upande mmoja wa mji ulipambana na upande mwingine, bila idadi maalumu ya wachezaji na bila mistari ya kiwanja. Mji wa Ashbourne katika Derbyshire unaendelea na mchezo wa namna hiyo hadi leo, na magoli yake yako umbali wa kilomita 5 hivi.

Mchezo huo ulibanwa kutoka pande nyingi. Sheria ya barabara ya mwaka 1835 ilitoza faini kwa wanaocheza mpira barabarani. Maeneo ya wazi yalijengwa nyumba na viwanda, na sensa ya mwaka 1851 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wa England na Wales walikuwa tayari wakiishi mijini. Mfanyakazi wa kiwandani alikuwa kazini siku 6 kwa wiki, mara nyingi kwa zaidi ya saa 10 kwa siku. Jumapili alikuwa huru, lakini siku hiyo ilikuwa ya ibada, na kucheza mpira kulihesabiwa kuwa kuivunjia heshima.

Wakati huohuo mpira uliendelea katika shule kama Eton, Harrow, Rugby na Winchester. Waingereza wenyewe huziita "shule za umma", jina linalowapotosha wanafunzi wengi, maana hazikuwa za serikali wala za bure. Ni shule za bweni za watoto wa matajiri. Kila shule ilikuwa na kanuni zake, na vijana walipokutana vyuo vikuu walishindwa kuelewana. Ndiyo sababu kubwa ya kuanzishwa kwa Chama cha Mpira wa Miguu (FA) mjini London tarehe 26 Oktoba 1863. Fainali ya kwanza ya Kombe la FA, mwaka 1872, ilitazamwa na watu wapatao 2,000 tu. Washindi walikuwa Wanderers, timu ya watu waliosoma katika shule hizo, na waliofungwa walikuwa maofisa wa jeshi.

Nusu siku ya Jumamosi

Badiliko lililokuwa na uzito kuliko yote halikuhusu michezo hata kidogo. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliagiza kwamba katika viwanda vya nguo wanawake na vijana waache kazi saa 8 mchana siku ya Jumamosi. Wanaume wazima hawakutajwa, lakini mitambo ya kusokota na kufuma haikuweza kuendelea bila wanawake na vijana, kwa hiyo mara nyingi kiwanda kizima kilisimama. Miaka iliyofuata kazi nyingine nazo zilipata nusu siku hiyo, ingawa si kwa wakati mmoja. Wauzaji wa madukani, kwa mfano, walichelewa sana kuipata, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku wateja walipokuwa na fedha.

Hapa ndipo ilipotoka desturi ya kuanza mechi saa 9 alasiri ya Jumamosi. Mfanyakazi alitoka kazini, akala, akaenda kiwanjani. Haishangazi basi kwamba soka ilishika mizizi mapema katika Lancashire, eneo la viwanda vya pamba kaskazini-magharibi mwa nchi. Klabu nyingi zilianzishwa makanisani, viwandani na kwenye mitaa ya jirani.

Reli ilifanya mechi za mji kwa mji ziwezekane. Sheria ya elimu ya mwaka 1870 iliongeza watoto wa maskini shuleni, na kizazi kilichojua kusoma kikanunua magazeti ya michezo kama *Athletic News*, lililoanza Manchester mwaka 1875.

Nauli na mshahara

Muda ulipopatikana, tatizo likawa fedha. Mwaka 1879 timu ya Darwen, mji mdogo wa viwanda vya pamba huko Lancashire, ilifika robo fainali ya Kombe la FA dhidi ya Old Etonians, yaani waliokuwa wanafunzi wa Eton. Mechi zilichezwa London. Ya kwanza ilikwisha sare ya 5–5, ya pili 2–2, na katika ya tatu Darwen walifungwa 6–2. Kwa hiyo wafanyakazi wale walisafiri hadi London mara 3, na michango ilipitishwa mjini ili wapate nauli. Old Etonians ndio waliotwaa kombe mwaka huo.

Mwaka 1883 mambo yaligeuka. Blackburn Olympic, timu iliyokuwa na wafumaji, msokota nyuzi, fundi bomba na wafanyakazi wa karakana ya chuma, iliwafunga Old Etonians 2–1 katika fainali baada ya muda wa nyongeza. Kabla ya mechi walikaa Blackpool siku kadhaa wakifanya mazoezi, jambo ambalo wapinzani wao waliliona si la kiungwana. Tangu siku hiyo hakuna timu ya wahitimu wa shule za matajiri iliyotwaa kombe hilo tena.

FA ilishikilia kwamba mchezaji awe wa ridhaa, asilipwe. Msimamo huo ulikuwa mwepesi kwa mtu mwenye mali ya urithi. Kwa mfumaji, kukosa kazi siku moja kulikuwa kukosa mshahara wa siku hiyo. Klabu za kaskazini zilianza kulipa kwa siri au kumtafutia mchezaji kazi mjini. Mwaka 1884 William Sudell wa Preston North End alikiri waziwazi kwamba klabu yake inalipa, na ikaondolewa katika kombe. Klabu nyingi zikatishia kujitenga, na tarehe 20 Julai 1885 FA ikaruhusu wachezaji wa kulipwa. Ligi iliyoanza mwaka 1888 ilikuwa na klabu 12, zote za kaskazini na maeneo ya kati. London haikuwa na hata moja. Katika raga ugomvi huohuo wa fidia ya siku za kazi haukupatanishwa: mwaka 1895 klabu za kaskazini zilijitenga, na ndiyo asili ya raga ya aina mbili.

Malipo yaliwafungulia mlango hata watu wa mbali. Arthur Wharton, aliyezaliwa Accra mwaka 1865, alikuwa kipa wa Preston North End na baadaye Rotherham Town, na anatambuliwa kuwa mchezaji wa kwanza mweusi wa kulipwa. Hata hivyo mshahara wa soka haukumtosha uzeeni. Alimaliza maisha yake akifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe, akafa mwaka 1930, na kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka 1997.

Wanawake

Wanawake walicheza soka hadharani tangu miaka ya 1880, lakini walidhihakiwa sana. Vita vya 1914–1918 vilibadili hali. Wanaume walipokwenda vitani, wanawake waliingia viwandani kutengeneza silaha, na huko walianza kucheza wakati wa mapumziko kama wanaume walivyofanya kabla yao. Timu iliyojulikana zaidi ilitoka kiwanda cha Dick, Kerr mjini Preston. Mechi yake ya kwanza kubwa, siku ya Krismasi 1917, ilitazamwa na watu wapatao 10,000, na mapato yalikwenda kwa askari waliojeruhiwa. Tarehe 26 Desemba 1920, katika kiwanja cha Goodison Park mjini Liverpool, waliingia watazamaji wapatao 53,000. Nyota wa timu hiyo, Lily Parr, alikuwa na umri wa miaka 15.

Mwaka 1921 wachimbaji wa makaa ya mawe walifungiwa nje ya kazi na waajiri, na baadhi ya mechi za wanawake zikachangisha fedha kwa ajili ya familia zao. Tarehe 5 Desemba mwaka huo FA ilitangaza kwamba soka haiwafai wanawake, ikadai pia kwamba sehemu kubwa mno ya mapato ilitumika kwa gharama badala ya misaada, na ikazitaka klabu zisiwape viwanja.

FA haikuwa na uwezo wa kumkataza mwanamke kupiga mpira, na haikuhitaji uwezo huo. Viwanja vyenye uzio, majukwaa na mahali pa kukusanya viingilio vilikuwa mali ya klabu zilizo chini yake. Timu ya Preston iliendelea hadi mwaka 1965, ikicheza mara nyingi kwenye viwanja vya wazi, huku ikikosa mapato na magazeti yakiisahau.

Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1971. Idadi ya watazamaji wa Goodison Park haikuzidiwa katika mechi ya wanawake nchini Uingereza kwa zaidi ya miaka 90. Fainali ya Ulaya ya mwaka 2022 uwanjani Wembley, ambapo England iliifunga Ujerumani 2–1, ilitazamwa na watu 87,192.