Anga au Uso: Kamera Mbele ya Jua la Kagera

Mji wa Bukoba uko chini ya digrii moja na nusu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mwezi Machi na Septemba jua la saa sita mchana husimama utosini. Ukimpiga mtu picha saa hizo, macho yake yanazama kwenye kivuli cha paji la uso. Ukimsogeza chini ya mgomba apate nafuu, kamera inakulazimisha kuchagua: uso uonekane na ziwa nyuma yake liungue libaki jeupe tupu, au ziwa na mawingu yatoke vizuri na yeye abaki kivuli. Kwa zaidi ya karne moja wapiga picha wa Bukoba na Muleba wameishi na uchaguzi huo, na mara nyingi aliyepoteza ni mtu.

Siku hizi hata kamera ndogo ya mfukoni ina sehemu iliyoandikwa HDR, inayoahidi kuonyesha vyote viwili kwa pamoja. Nimekuwa nikiijaribu kamera ya namna hiyo kati ya Bunena na Kamachumu, na kadiri nilivyoitumia ndivyo nilivyotaka kujua ahadi hii ilianzia wapi.

Ilianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1856 na 1857 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga picha za bahari. Kemikali za wakati ule zilishika zaidi mwanga wa buluu, kwa hiyo anga liliungua kabla mawimbi hayajaanza kuonekana. Katika baadhi ya picha zake Le Gray alitumia kioo kimoja kwa ajili ya anga na kingine kwa ajili ya maji, kisha akaviunganisha kwenye karatasi moja katika chumba cha giza. Picha hizo zilimpa sifa kubwa Paris na London, lakini hazikumwokoa na madeni. Aliondoka kwao, akaishia Cairo, na huko ndiko alikofia mwaka 1884.

Miaka sita baada ya kifo chake, mwaka 1890, Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Mwaka 1892 Mapadri Weupe walifungua misheni Kashozi. Kamera zilizowafuata wageni hawa zilikuwa za vioo vyenye udhaifu uleule wa anga, na picha nyingi za zama hizo zilipigwa nje kwa sababu ndani hapakuwa na mwanga wa kutosha. Watazame watu waliopangwa mstari mbele ya kanisa au boma katika picha za kale za nchi yetu: juu ya vichwa vyao anga ni jeupe kama karatasi. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Si mji wa anga tupu. Mawingu yalikuwepo, kioo ndicho kilichoshindwa kuyashika.

Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa ndani ya nyumba. Msonge wa Kihaya hauna dirisha. Nyasi zinashuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, mlango ni mmoja, sakafu imetandikwa nyasi, na moshi wa jikoni umepaka fito masizi. Humo ndimo wazee walimokaa kusuluhisha kesi za vibanja, yaani mashamba ya migomba, ndimo rubisi, pombe ya ndizi, ilimonyweka na watoto walimozaliwa. Kamera ilibaki mlangoni. Tunazijua nyumba hizi kwa umbo la nje, na maisha ya ndani tunayajua kwa masimulizi zaidi kuliko kwa picha.

Ng'ambo ya mto Kagera, kwa jirani zetu wa Ankole ambao lugha yao Mhaya huisikia bila taabu, mwalimu Musa Katuramu alianza kupiga picha miaka ya 1930. Alipiga watu wa kwao kwa mwanga wa mchana: walimu, maharusi, familia zilizovaa vizuri. Nyuso zinaonekana, kwa sababu mpiga picha mwenyewe aliwajua watu hao na alitaka waonekane. Kamera haikuwa na akili yoyote. Akili ilikuwa kwake, katika kuchagua saa, kivuli na mahali pa kumsimamisha mtu.

Kisha zikaja filamu za rangi, na tatizo likahamia kwenye ngozi. Kodak walikuwa wakipeleka kwenye maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe. Wa kwanza aliitwa Shirley, na kadi zikachukua jina lake. Rangi ya ngozi yake ikawa kipimo cha picha sahihi. Malalamiko yaliyosikilizwa mapema hayakutoka kwa watu weusi, bali kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia zilitoka vibaya kwenye matangazo. Fungua albamu ya zamani ya familia ya Kamachumu au Rubya, ukurasa wa harusi au wa komunio ya kwanza. Gauni jeupe limeungua hadi mikunjo imepotea, na uso wa mwenye gauni umekuwa mweusi usio na pua wala tabasamu. Mpiga picha wa studio alilaumiwa, wakati filamu aliyouziwa ilipimwa kwa ngozi ya mtu mwingine.

Ufumbuzi wa kushika mwanga na giza kwa pamoja ulitokea mahali pasipotarajiwa. Mmarekani Charles Wyckoff, aliyekuwa akirekodi milipuko ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, alitengeneza filamu yenye tabaka tatu za usikivu tofauti, ili moja ishike kiini cha moto na nyingine zishike vilivyo gizani. Katika miaka ya 1990 Steve Mann aliifanya kazi hiyo kwa picha za kidijitali, na mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik wakachapisha hesabu za kuunganisha picha kadhaa za mandhari moja kuwa rekodi moja ya mwanga. Ilihitaji kompyuta na subira. Mwaka 2009 Ricoh waliingiza katika kamera yao ndogo ya CX1 namna ya kupiga picha mbili za mwanga tofauti na kuziunganisha humohumo. Mwaka 2010 Canon wakafuata na S95, inayopiga tatu, na mwaka huohuo simu ya iPhone ikapata HDR.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Kamera inapiga haraka picha ya kawaida, nyingine yenye mwanga pungufu na nyingine yenye mwanga uliozidi. Anga inalitoa kwenye ile ya giza, kivuli inakitoa kwenye ile iliyoungua, kisha inavishona. Sharti ni moja: kati ya picha ya kwanza na ya mwisho, kitu chochote kisisogee.

Katika msonge mmoja wa Muleba niliiweka kamera juu ya kigoda, ikitazama mlangoni kutoka ndani. Picha ya kawaida ilitoa shimo jeupe lililozungukwa na weusi. Picha ya HDR ilionyesha kibanja nje, mibuni chini ya migomba, hata ukungu wa rangi ya maziwa upande wa ziwa. Na ndani zikaonekana fito zilizofungwa duara juu ya duara, masizi yake, na uso wa bibi mwenye nyumba aliyekaa pembeni. Kwenye kona zenye giza kulikuwa na chengachenga, na mkono wake uliosogea kidogo ulikuwa na vidole zaidi ya vilivyopo. Lakini uso ulitulia, na kila kunyanzi lilisomeka. Kwa picha hiyo moja niliisamehe kamera mengi.

Nje ilikuwa kazi nyingine. Upepo wa ziwa haupumziki, na jani la mgomba likitikisika linatoka na kingo mbili tatu zilizopauka. Usiku wa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, chini ya taa kali zinazofungwa juu ya mabati kuwanasa, hali ni mbaya zaidi: taa zinatulia vizuri, senene wanageuka mistari ya kijivu. Pia kuna kamera zinazovuta kivuli hadi mchana wa Bukoba unafanana na tangazo la rangi za nyumba. Kivuli cha kibanja ni sehemu ya kibanja, na mpiga picha ana haki ya kukiacha.

HDR inafaa pale penye kitu kilichotulia na kinachostahili kurekodiwa kwa uaminifu. Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016 lililobomoa nyumba nyingi na kuharibu shule kama Ihungo na Nyakato, watu walipiga picha nyufa za vyumba vyenye giza huku mwanga ukiingia kwa nguvu kupitia ukuta ulioanguka. Hapo ufa na anga vyote ni ushahidi, na picha moja inayoonyesha vyote inamsaidia fundi na mthamini.

Kuna matumizi mengine ambayo sijaona yakizungumzwa vya kutosha. Negativu ya filamu hushika mwanga mwingi kuliko karatasi ilivyoweza kuonyesha. Uso uliopotea katika picha ya harusi ya mwaka 1975 huenda bado upo kwenye negativu yake. Ukiiweka juu ya kioo chenye mwanga na kuipiga kwa HDR, kamera imetulia kwenye stendi, unaweza kuurudisha. Uganda, picha za Katuramu zimehifadhiwa kidijitali na mradi wa History in Progress Uganda, ulioanza mwaka 2011. Wenye studio za zamani Bukoba na Muleba, na warithi wao, wasizitupe negativu zilizo makabatini. Unyevu wa kwetu unazipandisha ukungu haraka, hasa zikibanwa kwenye mifuko ya plastiki. Zitolewe, zipangwe kwenye bahasha za karatasi, ziandikwe majina ya waliomo wakati wanaowakumbuka bado wapo, na kazi ya kuzipiga upya ianze na zile za miaka ya kale zaidi.