Saa Nne Chini ya Mgunga

Utotoni mwangu, huko kwetu Old Moshi, safari ya kwenda shamba la tambarare ilianza gizani. Mama alituamsha jogoo wa kwanza, tukateremka na majembe begani, na ndoo ndogo ya maji tukiibeba kwa zamu. Kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha anza kulima. Ikifika saa nne mama alisema, "Basi, wanangu," na hapakuwa na wa kumbishia. Tulikaa chini ya mgunga mpaka jua lilipopinda, ndipo tulipoanza kupanda kurudi kwenye migomba yetu. Nilikua nikidhani kuwa mama alikuwa anatuonea huruma tu.

Historia ya nchi yetu hii ya mlimani ni historia ya kupanda na kushuka. Wazee wetu waliishi vihambani, ambako migomba na miti mirefu huifunika ardhi, na maji ya mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kwa mkono, hupita karibu na nyumba. Tambarare ilikuwa mahali pa kulima na kuondoka. Kule chini kulikuwa na mbu, maji yalikuwa haba, na jua lilikuwa kali. Wajerumani nao walipokuja walijenga boma lao huku juu. Lakini reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 haikuweza kupanda miteremko yetu. Stesheni ikawekwa chini, na mji ukaota kando yake. Mji ule ukachukua jina la Moshi, na sisi wa juu tukabaki kuitwa Old Moshi, kama nguo iliyovuliwa. Tangu hapo mambo makubwa ya mtu wa mlimani yalihamia kwenye joto. Hata KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1933, ofisi zake zilikuwa mjini, ingawa kahawa yenyewe iliota juu.

Ndiyo maana utabiri wa hali ya hewa unatuchanganya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, idara ya pamoja ya hali ya hewa nayo ilikwisha, Tanzania ikabaki na yake. Mwaka 1999 ikawa Wakala, na mwaka 2019 ikawa Mamlaka. Majina yamebadilika, ila joto lingali likipimwa kivulini, na "Moshi" ya utabiri ni Moshi ya chini. Mtu wa mlimani akisikia nyuzi 33 za sentigredi hupunguza, na hakosei: kila unapopanda mita 100 joto hupungua zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kati ya mjini na Lango la Marangu pana tofauti ya mita 1,000 hivi, yaani kama nyuzi 6. Mwenzetu husikia habari ya joto huku amevaa sweta. Anachosahau ni kuzirudisha zile nyuzi alizozipunguza pale anapoteremka, na kuongeza nyingine za yule anayeinama juani na jembe, kwa kuwa kipimo kile kilikuwa kivulini.

Nami nilisahau. Ilikuwa Februari moja, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Siku hizo hatukuwa tena watu wa kuteremka gizani. Barabara ya lami ilikuwepo na Hiace zilikuwepo. Nilikwenda na baba mdogo pamoja na vijana wawili, tukafika shambani saa tatu na nusu, muda ambao zamani mama alikuwa anakaribia kufunga kazi. Kwa kuwa tulikuwa tumechelewa, tukalima mfululizo hadi saa saba. Baba mdogo akaanza kusema maneno yasiyofuatana. Alinitaja kwa jina la kaka yangu. Kisha akapepesuka na kukaa chini. Kijana mmoja akacheka, akidhani ni mbege ya jana.

Nilimgusa ngozi, ilikuwa kama sufuria. Tukasema malaria, maana tambarare na malaria vimezoeana. Tukamwingiza kwenye kibanda cha bati na kumfunika khanga mbili ili atoe jasho. Mimi ndiye niliyezitandaza. Mfereji wenye maji ulikuwa hatua chache kutoka pale. Ilipopatikana gari alikuwa amezimia, na hakufika hospitali.

Baadaye daktari mmoja alinieleza kwa upole. Mwili ukipita nyuzi 40 na akili ikaanza kuvurugika, hiyo ni dharura, na kila dakika ina thamani. Mgonjwa apelekwe kivulini, avuliwe nguo, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe, na hayo yaendelee hata njiani kwenda hospitali. Asinyweshwe kitu wakati fahamu zimepotea, maana atapaliwa. Sisi tulimfanyia kinyume chake chote.

Labda tulilemazwa na sifa yetu. Mmisionari Johannes Rebmann alipoona weupe wa Kibo tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wake wa njia alimweleza kuwa ile ni baridi tu. Tumekuwa watu wa baridi tangu hapo, machoni pa wageni na machoni petu wenyewe. Lakini kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ulipoteza kama asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Wataalamu wanabishana ni kiasi gani kimetokana na joto na kiasi gani na uhaba wa theluji mpya. Mimi siingii humo. Ninachokiona kwa macho yangu ni vihamba vilivyokatwa miti baada ya bei ya kahawa kuanguka, na wajukuu wengi wasioweza kugawana kihamba kimoja, ambao sasa wanajenga nyumba za bati kule tambarare tulikokuwa tukilima na kuondoka.

Februari iliyopita niliteremka na watoto wa marehemu baba mdogo. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, wakinung'unika njia nzima. Saa nne ilipogonga nilikuwa bado sijasema neno. Yule mkubwa, mwenye sura ya baba yake, aliweka jembe chini, akaenda mferejini, akalowesha shati lake na kulivaa likichuruzika maji. Kisha akanifuata akaniambia, "Kaka, mgunga ule pale."