Ahadi ya Kurudi: Mkimbizi wa Nyarugusu na Maisha ya Mwanafunzi wa Kigeni Nchini Ufaransa tangu 1996

1.0 Utangulizi

Mnamo Novemba 1996, vita vya kwanza vya Kongo vilipokuwa vikiwafukuza watu kutoka Kivu Kusini, Serikali ya Tanzania na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) zilifungua kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Wengi wa walioingia walitoka Fizi na Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nao walizungumza Kiswahili kabla ya kukanyaga ardhi ya Tanzania. Hata hivyo, watoto wao walipofika madarasa ya juu walifundishwa kwa Kifaransa. Hali hiyo ndiyo chimbuko la swali la insha hii: kijana aliyesomea Kifaransa katikati ya nchi inayofundisha kwa Kiswahili na Kiingereza ana njia gani ya kufika chuo kikuu cha Ufaransa, na maisha ya kila siku yanayomsubiri huko yamepangwa kwa kumfikiria nani?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kinachomtenganisha mkimbizi wa Nyarugusu na mwanafunzi wa kubadilishana si lugha wala uwezo wa darasani, bali ni ahadi ya kurudi. Mfumo wa kubadilishana wanafunzi, kuanzia fomu ya maombi hadi chumba cha bweni, umejengwa juu ya dhana kwamba mgeni ana chuo chake, ana nchi yake, na siku moja atarejea. Historia ya Nyarugusu ni historia ya watu walioondolewa katika dhana hiyo.

2.0 Shule za Kifaransa katika Kambi ya Tanzania

Tanzania haikuwa na sera moja ya elimu kwa wakimbizi wakati wote. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo, na watoto wao walisoma mtaala wa Tanzania. Katika miaka ya 1990 mwelekeo uligeuka. Wakimbizi sasa walitarajiwa kurudi kwao mapema, na kwa hiyo watoto walipaswa kufuata mtaala wa nchi walikotoka. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ilikamilisha mwelekeo huo kwa kumtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa na atoke kwa kibali.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mhitimu wa sekondari Nyarugusu alilenga diplôme d'État, cheti cha Kongo. Alikuwa na lugha inayofaa Kinshasa na masomo yanayotambulika Kinshasa, lakini mashariki mwa nchi yake hakukutulia kiasi cha kumwezesha kurudi. Upande wa pili, vyuo vya Tanzania vilivyokuwa karibu naye zaidi vilifundisha kwa Kiingereza. Sera iliyokusudiwa kumwandaa kwa safari ya kurudi ilimwacha baina ya mifumo miwili, kila mmoja ukimtazama kama mwanafunzi wa mwingine.

Kuanzia Aprili 2015, mgogoro wa kisiasa wa Burundi ulileta wimbi jingine. Nyarugusu ilipita watu 150,000, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa tena mwaka huohuo. Warundi nao walikuja na mtaala wao, ambamo Kifaransa ndicho lugha ya masomo katika madarasa ya juu. Hivyo, Kigoma, mkoa ambao hautajwi katika historia ya Kifaransa Afrika Mashariki, ukawa na maelfu ya wanafunzi wa lugha hiyo ndani ya kambi chache.

3.0 Dhana ya Kubadilishana na Mizizi Yake

Wanafunzi Waafrika walikuwa Ufaransa muda mrefu kabla ya neno "kubadilishana" kupata maana yake ya sasa. Shirikisho lao, FEANF, liliundwa mwaka 1950, na wanachama wake walitoka hasa katika makoloni ya Ufaransa. Kurudi kwao kulikuwa suala la kisiasa: walitarajiwa kwenda kuendesha nchi zilizokuwa zikielekea uhuru. Wakongo wa koloni la Ubelgiji walikuwa na njia nyingine, na chuo kikuu chao cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954.

Mpango wa Erasmus ulioanza mwaka 1987 uliiweka ahadi ya kurudi katika utaratibu wa kiofisi. Mwanafunzi hubaki amesajiliwa chuoni kwao, huenda ugenini kwa muhula au mwaka, halipi ada ya chuo mwenyeji, na masomo aliyoyafaulu huhesabiwa nyumbani. Tangu 2015 utaratibu huu umewafikia pia wanafunzi wa vyuo vya Afrika, wakiwemo wa Tanzania. Lakini sharti la kwanza halikubadilika: lazima kuwe na chuo kinachokutuma. Kambi haina chuo cha kumtuma mtu. Kwa hiyo mkimbizi hukosa sifa hata kabla alama zake hazijasomwa.

4.0 Maisha ya Kila Siku Yaliyopangwa kwa Nyaraka

Maisha ya mwanafunzi wa kigeni nchini Ufaransa huanzia katika mafaili. Kabla ya safari, mwombaji huonyesha kwamba ana fedha za kujikimu, kiwango ambacho kwa miaka mingi kilikuwa euro 615 kwa mwezi, yaani euro 7,380 kwa mwaka. Anapofika, visa yake ya muda mrefu huthibitishwa ndani ya miezi mitatu. Tangu 2018 hulipa mchango wa maisha ya chuoni, ambao ulianza kwa euro 90, na huandikishwa katika bima ya afya ya jumla, kwa kuwa bima maalumu ya wanafunzi ilianza kuondolewa mwaka huohuo.

Makazi ni mtihani wa pili. Chumba cha kawaida katika mabweni ya zamani ya CROUS kina mita za mraba 9: kitanda, meza, sinki na dirisha. Anayekosa chumba hicho hutafuta nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba humtaka mdhamini anayeishi na kupata mshahara Ufaransa. Dhamana ya bure iitwayo Visale, iliyoanzishwa mwaka 2016, iliwapunguzia wageni mzigo huo. Kwa miaka mingi, baada ya kupata pango, mwanafunzi aliweza kuomba ruzuku ya kodi ya nyumba, nayo ilihitaji akaunti ya benki, mkataba na hati ya ukaazi.

Chakula cha mchana katika mgahawa wa chuo kiliuzwa kwa euro 3.30, na kuanzia Januari 2021, wakati wa UVIKO-19, kwa euro 1 kwa wanafunzi wote. Kazi inaruhusiwa, lakini isizidi saa 964 kwa mwaka. Wengi huzitumia saa hizo jikoni, madukani au katika kulea watoto. Anayetoka katika ulimwengu wa Waswahili hukuta jambo moja lisilo geni: katika chuo cha INALCO, Paris, Kiswahili ni somo la shahada.

Mtu wa Nyarugusu anaujua mpangilio wa namna hii. Kambini, kadi ya mgawo huamua unga, maharage, mafuta na chumvi, na kibali huamua kama atafika Kasulu mjini. Tofauti iko katika mwelekeo wa nyaraka. Karatasi za mwanafunzi wa Ufaransa, hata zikichosha, huongezea haki moja juu ya nyingine: usajili huleta hati ya ukaazi, na hati huleta haki nyingine. Karatasi za kambini humrudisha mtu palepale alipoanzia.

5.0 Mlango Mpya na Kizingiti Chake

Mwanzoni mwa miaka ya 2020, Shirika la Vyuo Vikuu vya Lugha ya Kifaransa (AUF), UNHCR na washirika wao walianzisha mradi wa UNIV'R, unaowawezesha wakimbizi walioko katika nchi za hifadhi ya kwanza kusoma shahada ya umahiri Ufaransa. Mradi huo unakwenda sambamba na lengo la UNHCR la kuwafikisha asilimia 15 ya vijana wakimbizi katika elimu ya juu ifikapo 2030. Kupitia mradi huo mkimbizi anaalikwa bila kutumwa na chuo cha nyumbani.

Hata hivyo, kizingiti kipo. Umahiri hudai shahada ya kwanza, na mhitimu wa sekondari kambini bado hajaipata. Ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani, husaidia wakimbizi kusoma shahada hiyo katika nchi walikopewa hifadhi, lakini nchini Tanzania hilo humaanisha kuhamia katika masomo ya Kiingereza. Kifaransa alichokitunza mwanafunzi kwa miaka kumi na miwili hulazimika kusubiri kando.

Ada ni suala la pili. Mwaka 2019, mwanafunzi wa nje ya Ulaya aliweza kutozwa euro 2,770 kwa shahada ya kwanza na 3,770 kwa umahiri, wakati mwenzake Mfaransa alilipa 170 na 243. Kanuni iliwasamehe wakimbizi, lakini wale waliotambuliwa na Ufaransa yenyewe. Aliyetambuliwa na Tanzania, hata akiwa ameishi kambini tangu kuzaliwa, mbele ya kanuni hiyo ni mgeni kama wageni wengine, na hubaki akitegemea msamaha ambao chuo kina hiari ya kuutoa.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonyesha kwamba sera mbili zilizotungwa mbali mbali zilisimama juu ya dhana moja. Tanzania ilimfundisha mkimbizi kwa Kifaransa kwa sababu angerudi. Mfumo wa kubadilishana ulimfungulia mwanafunzi milango kwa sababu naye angerudi. Kijana wa Nyarugusu aliingizwa katika sera ya kwanza na kuachwa nje ya ya pili kwa hoja ileile.

Kwa watafiti, jambo hili lina maana ya kimbinu. Tafiti zinazopima uhamaji wa wanafunzi kwa kuhesabu vyuo vinavyotuma haziwezi kumwona mtu asiyetumwa na chuo chochote. Kwa watunga sera, lina maana ya kiutendaji: ufadhili wa shahada ya kwanza kwa Kifaransa ndani ya ukanda huu, pamoja na msamaha wa ada unaotambua hadhi ya ukimbizi iliyotolewa na nchi nyingine, ungekuwa na uzito zaidi kwa wahitimu wa Kasulu na Kibondo kuliko nafasi mpya za umahiri ambazo hawajazifikia.