Lokdauni, Kafyu, Zuio: Mombasa Ilifungiwa kwa Neno Gani?

Mei 6, 2020, Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kuwa kuanzia saa moja usiku hakuna atakayeingia wala kutoka Mji wa Kale wa Mombasa kwa siku 15, ili kuzuia ugonjwa wa korona. Eastleigh, kule Nairobi, nayo iliwekewa amri iyo hiyo. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Wenyeji walisema wamefungiwa, wengine walisema ni lokdauni, wengine kafyu, na wako waliosema mtaa mzima umetiwa karantini. Maneno manne hayo yana maana nne mbalimbali, na ubishi mwingi wa siku zile, kama amri ni ya haki au ni ya uonevu, ulikuwa ubishi wa watu wanaozungumzia vitu visivyofanana.

Tuanze na istilahi yenyewe. Amri ya kukaa nyumbani ni agizo la serikali lenye nguvu ya sheria, linalomtaka kila mkazi abaki kwake mchana na usiku, asitoke ila kwa haja zilizotajwa: chakula, dawa, matibabu, na kazi ambazo jamii haiwezi kukaa bila yazo. Rwanda ilitoa amri ya namna hiyo Machi 2020, na Uganda ikafuata kabla mwezi haujaisha. Kenya haikuitoa kamwe. Ilichofanya Kenya ni kuweka kafyu nchi nzima kuanzia Machi 27, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kisha zuio la kuingia na kutoka katika kaunti kadhaa, Mombasa, Kilifi na Kwale zikiwemo kuanzia Aprili 8. Kisha zuio la mitaa miwili, Eastleigh na Mji wa Kale. Mchana, mkazi wa Mji wa Kale alikuwa na ruhusa ya kutoka mlangoni kwake na kwenda dukani. Alichokatazwa ni kuvuka mpaka wa mtaa. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mtu anayekamatwa na askari kichochoroni saa nne asubuhi.

Neno lokdauni limezifunika amri zote hizo kwa shuka moja. Ndiyo maana silipendi. Si kwa sababu limetoka Kiingereza. Kafyu nayo imetoka huko, ikitokea Kifaransa kabla ya hapo, na Wakenya wanaijua tangu miaka ya hali ya hatari ya ukoloni, iliyotangazwa 1952. Kafyu inajieleza: ina saa ya kuanza na saa ya kumalizika. Lokdauni haikwambii ni nani amefungiwa, wapi, wala mpaka lini.

Vyombo vya habari vilijaribu Kiswahili, na hapo likazaliwa kosa ambalo mpaka leo linasikika: "marufuku ya kutotoka nje." Marufuku ni katazo. Kutotoka ni kubaki ndani. Ukiyaunganisha, umewakataza watu kubaki ndani, yaani umewaamuru watoke! Iliyo sahihi ni "amri ya kutotoka nje" au "marufuku ya kutoka nje", chagua moja. Najua wako watakaosema kila mtu alielewa kilichokusudiwa. Pengine. Lakini tangazo la sheria ambalo raia analielewa kwa kupuuza maneno yake ni tangazo bovu, hasa pale ambapo kutoelewa kunaleta rungu.

Na rungu lilikuja. Siku ile ya kwanza ya kafyu, Machi 27, watu waliokuwa wakirudi makwao walijazana kwenye kivuko cha Likoni, wakapigwa na kurushiwa mabomu ya machozi kabla ya saa moja kufika. Kivuko kile huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na ndicho njia ya kila siku ya wafanyakazi wa upande wa kusini. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi baadaye kwa nguvu iliyopita kiasi. Chama cha wanasheria kilikwenda mahakamani, na Aprili 16 Jaji Weldon Korir akaamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, ila nguvu waliyotumia polisi imevunja katiba.

Hapa ndipo kisiwa kinapoingia. Zuio la kusafiri kwa mji wa bara ni vizuizi barabarani, na mwenye kujua njia za panya hupita. Kisiwa cha Mombasa kina milango ya kuhesabika: kivuko cha Likoni, daraja la Nyali, na barabara za upande wa magharibi, Makupa na Kipevu. Kukifunga ni rahisi kuliko kukilisha. Soko kubwa la vyakula, Kongowea, liko ng'ambo ya Nyali. Lakini zuio la Aprili halikufuata maji. Lilifuata mpaka wa kaunti, na Likoni, Kisauni na Changamwe, ingawa ziko bara, ni kaunti ya Mombasa. Feri iliendelea kuvusha. Aliyeambiwa "Mombasa imefungwa" alikuwa na haki ya kuuliza: Mombasa ipi, kisiwa au kaunti?

Mji wa Kale ulipofungwa, hoja za kila upande zilikuwa nzito. Waliounga mkono walisema nyumba zimegusana, vichochoro havipitishi watu wawili bila ya kusuguana mabega, familia tatu hukaa chini ya dari moja. Ugonjwa ukiingia hapa hautoki. Waliopinga waliuliza nani atamlisha anayekula alichochuma leo. Kibarua wa bandarini anaishi Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, lakini riziki yake iko nje ya mpaka. Muuza kahawa hana wa kumuuzia ikiwa mabaraza yamekatazwa. Kafyu ya saa moja, kwa mji ambako jua la Mei huzama muda mfupi tu baada ya saa kumi na mbili, iliacha nafasi ya kufuturu na kurudi ndani, basi. Na wengi walikataa kupimwa. Wakiitwa wajinga, walijibu kwa hesabu: miezi ya mwanzo waliotiwa karantini ya lazima walitakiwa kulipia gharama wenyewe. Kwao karantini halikuwa neno la tiba tena. Lilikuwa deni.

Sasa, Kiswahili cha pwani hakikuwa maskini wa maneno ya kukaa ndani. Kuna kutawa, yaani kukaa ndani kwa stara. Kuna eda ya mjane, miezi minne na siku kumi. Kuna arobaini ya mzazi, na ajabu ni kuwa karantini nayo, kwa asili yake ya Kiitaliano, ni siku 40. Sisemi tuyachukue maneno hayo. Yana mahali pake na heshima yake, na kuiita amri ya polisi eda ni kuikosea dini na lugha pia. Ninachokiona ndani yake ni masharti. Aliye edani anajua siku ya kutoka. Mzazi aliye ndani ya arobaini analetewa uji na mchuzi, anapikiwa, anakandwa. Jamii inayomwambia mtu akae ndani imeshajua nani atamletea chakula. Amri ya Mji wa Kale iliahidi siku 15. Mei 20 ikaongezwa, na Idi ikawakuta watu bado wako ndani ya mpaka.

Kwa hiyo napendekeza wahariri na wasemaji wa serikali watumie "amri ya kukaa nyumbani" pale tu mtu anapotakiwa kubaki kwake mchana na usiku. "Kafyu" au "amri ya kutotoka usiku" kwa zuio la saa. "Zuio la kuingia na kutoka" kwa mpaka wa mtaa, kisiwa au kaunti, na mpaka wenyewe utajwe. "Karantini" kwa aliyekutana na mgonjwa au aliyetoka penye ugonjwa, hata kama hajaugua. Na "kutengwa" kwa mgonjwa mwenyewe. Kila moja itangazwe pamoja na tarehe ya mwisho.

Zuio la Mji wa Kale liliondolewa Juni 7, 2020, na la kaunti ya Mombasa Julai 7. Mkazi aliyeambiwa "lokdauni imekwisha" siku hizo mbili bado alitakiwa kuwa ndani saa tatu usiku, maana kafyu ilisogezwa mbele tu. Haikuondolewa mpaka Oktoba 20, 2021.