Mtunzi Aliyefichwa: Jeshi la Marekani na Magazeti ya Iraki, 2003-2006

Tofauti baina ya mtunzi na msimulizi ni jambo la msingi katika uhakiki wa fasihi. Msomaji wa riwaya anaelewa kwamba sauti inayomsimulia si lazima iwe ya mtunzi, na ni kwa makubaliano hayo kwamba hadithi ya kubuni haiitwi uongo. Habari za gazeti husomwa kwa makubaliano mengine: anayeonekana kusema ndiye asemaye. Historia ya magazeti ya Iraki baada ya uvamizi wa 2003 inadhihirisha jinsi jeshi linavyoweza kuyavunja makubaliano haya hata pale linapodai kuwa kila sentensi yake ni ya kweli.

Utawala wa Saddam Hussein ulipoanguka Aprili 2003, udhibiti wa Wizara ya Habari ulikoma, na magazeti mapya yakachipuka kwa wingi mjini Baghdad. Hata hivyo, uhuru huo uliwekewa mipaka mapema. Juni 2003, Mamlaka ya Muda ya Muungano, chini ya Paul Bremer, ilitoa Amri Na. 14 ya kuvizuia vyombo vya habari kuchochea ghasia. Machi 2004 mamlaka hayo yalilifunga kwa siku 60 gazeti la al-Hawza, lililokuwa la wafuasi wa Muqtada al-Sadr, na hatua hiyo ikachangia uasi uliozuka mwezi uliofuata. Udhibiti wa aina hii ni wa wazi. Kufuli lililo mlangoni huonekana na kila mtu, na anayefungiwa anamjua aliyemfungia.

Mbinu ya pili ilikuwa ya siri. Tarehe 30 Novemba 2005, gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba wanajeshi wa Marekani walikuwa wakiandika makala kuhusu vita na ujenzi mpya wa Iraki. Makala hizo zilitafsiriwa kwa Kiarabu, kisha zikachapishwa kwa malipo katika magazeti ya Baghdad kupitia Lincoln Group, kampuni ya Washington iliyopewa kandarasi na Pentagon. Wajumbe wake wakati mwingine walijifanya waandishi wa kujitegemea. Miongoni mwa magazeti yaliyohusika ni Al Mutamar, lililofungamana na Ahmed Chalabi, na Al Mada.

Msemaji wa jeshi, Meja Jenerali Rick Lynch, alisisitiza kuwa yaliyoandikwa yalitegemea ukweli. Utetezi huu unastahili kuchukuliwa kwa uzito, kwani mengi ya matukio yaliyotajwa yalikuwa yametokea kweli. Lakini unajibu swali lisiloulizwa. Makala hizo zilisimulia upande mmja tu na kuyaacha yaliyolitia doa jeshi. Na, zaidi ya hayo, zilimnyima msomaji dalili ambayo ingemwezesha kuupima uteuzi huo, yaani utambulisho wa mtunzi. Mwiraki aliyesoma sifa za operesheni fulani alidhani anamsikiliza mwananchi mwenzake, kumbe aliyekuwa akisifu ndiye huyohuyo aliyeiendesha. Tafsiri nayo ilifanya kazi isiyo yake: badala ya kumfikisha mtunzi wa lugha moja kwa hadhira ya lugha nyingine, ilimvisha vazi la wenyeji asitambulike.

Mwaka 2006, uchunguzi wa jeshi na ule wa mkaguzi mkuu wa Pentagon ulihitimisha kwamba sheria haikuvunjwa. Yamkini hivyo ndivyo kisheria. Hata hivyo, katika kipindi hichohicho, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa ikiwafunza wanahabari wa Iraki maadili ya uandishi huru. Mkono mmoja ulifundisha kile ambacho mwingine ulikinunua.

Hasara iliwaangukia zaidi wanahabari wa Iraki wenyewe, waliofanya kazi katika mojawapo ya nchi hatari kuliko zote kwa taaluma yao. Baada ya ufichuzi huo, hata ripoti ya kweli kuhusu shule iliyofunguliwa ingeweza kushukiwa kuwa imelipiwa, na mwandishi wake kuonekana kibaraka. Hivyo basi, mhakiki anaposoma matini ya habari iliyotoka vitani, haitoshi kuuliza iwapo yaliyosemwa ni kweli. Sharti aulize pia ni nani aliyeyasema, na kwa nini jina lake halipo.