Locked Shields: Shindano linalowanoa walinzi wa mitambo ya kompyuta

USIKU wa Aprili 26, 2007, ghasia zilizuka jijini Tallinn, mji mkuu wa Estonia, serikali ilipoanza kuihamisha sanamu ya mwanajeshi wa Usovieti kutoka katikati ya jiji. Polisi walipokuwa wakikabiliana na waandamanaji barabarani, vita vingine vilikuwa vikianza mahali pasipoonekana. Kuanzia siku iliyofuata, tovuti za serikali, benki na magazeti zilifurikwa na maombi ya uongo kutoka kwa kompyuta nyingi za nje ya nchi hadi seva zikalemewa. Mashambulizi hayo yaliendelea kwa takriban wiki tatu.

Estonia ilikuwa na mengi ya kupoteza. Mnamo 2005 ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwawezesha wapigakura wake kote nchini kupiga kura kupitia intaneti, na shughuli zake nyingi za benki zilikuwa zimehamia huko.

Kilichoiokoa hakikuwa mtambo wa ajabu. Kituo chake cha kushughulikia dharura za kompyuta kilikuwa kimeanzishwa mwaka mmoja tu uliotangulia, tena kwa watumishi wachache. Mzigo mkubwa ulibebwa na mafundi wa benki, wa kampuni za mawasiliano na wa serikali ambao tayari walikuwa wakijuana na kuaminiana. Wao ndio walioshauriana ni njia gani za kuingilia nchini zifungwe na zipi ziachwe wazi.

Kujuana huko hakuwezi kununuliwa, wala hakupatikani darasani. Hiyo ndiyo sababu ya shindano ambalo leo linafahamika kwa jina la Locked Shields, yaani ngao zilizofungamana. Huandaliwa na kituo cha ulinzi wa mtandao kilichofunguliwa Tallinn mwaka 2008 na kutambuliwa na muungano wa kijeshi wa NATO. Lilianza mwaka 2010 na kwa kawaida hufanyika kila mwaka, ingawa lile la 2020 lilifutwa kwa sababu ya janga la corona.

Hadithi yake ni ya kubuni. Kisiwa kiitwacho Berylia kimevamiwa mtandaoni, na kila timu ya samawati hutumwa kukisaidia. Hukabidhiwa mitambo ambayo haikuijenga, yenye kasoro zilizofichwa humo makusudi: nywila dhaifu, programu zilizopitwa na wakati, milango iliyoachwa wazi. Timu nyingi hucheza zikiwa nchini mwao, huku timu nyekundu ya wadukuzi wazoefu ikizishambulia zote kwa mbinu zile zile ili pasiwe na upendeleo.

Utamu wa shindano umo katika namna alama zinavyotolewa. Kumzuia mdukuzi pekee hakutoshi. Huduma lazima ziendelee kufanya kazi, na fundi anayezima seva ili isivamiwe naye hupoteza alama. Waandaaji huweka pia watu wanaoigiza watumiaji wa kawaida, wale wale wanaobofya kila kiungo wanachotumiwa kisha wakalalamika barua pepe isipofika. Nani aliyewahi kufanya kazi katika idara ya kompyuta asiwatambue?

Aidha, kila timu hujibu maswali ya kisheria, huandika ripoti za hali ilivyo na kuwakabili wanahabari wa kuigiza. Hapa ndipo mafundi hodari hujikwaa. Wengi wao huona kuandika ripoti ni kupoteza wakati, mpaka mkubwa asiyejua lolote kuhusu seva atakapotaka kuelezwa kwa sentensi tatu iwapo umeme utakatika au la.

Mwaka 2022 shindano hilo liliwavutia washiriki zaidi ya 2,000 kutoka nchi 32, nao walilinda mitambo ipatayo 5,500 dhidi ya mashambulizi zaidi ya 8,000. Finland iliibuka mshindi. Nafasi ya pili ilitwaliwa na timu ya pamoja ya Lithuania na Poland, matokeo yanayostahili kuangaliwa kuliko hata ushindi wenyewe, kwa kuwa mafundi wa mataifa mawili walilazimika kuamua mambo ya haraka kama watu wa ofisi moja.

Hata hivyo, zoezi lina mipaka yake. Mitambo ya Berylia hujengwa upya kila mara, ilhali ile ya ofisi halisi huwa na viraka vya miaka mingi ambavyo aliyevishona alishaacha kazi.

Kenya ilionja shambulio la aina ile ile ya Tallinn mnamo Julai 2023, wiki chache tu baada ya serikali kuzindua takriban huduma 5,000 katika jukwaa la eCitizen. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Serikali ilithibitisha kwamba jukwaa hilo lilishambuliwa, na wakati huo wananchi walitatizika kununua tokeni za stima na kulipa kwa simu. Shambulio moja liligusa idara ya serikali, kampuni ya simu na benki kwa pamoja, kila moja ikiwa na mafundi wake. Katika hali kama hiyo, jambo la kwanza kuamuliwa ni nani ampigie nani simu, na nani ana mamlaka ya kufunga njia ipi.