Robo karne ya ahadi ya kuufufua moyo

Aprili 2001, jarida la Nature lilichapisha makala fupi iliyowapa matumaini wagonjwa wa moyo kila pembe ya dunia. Watafiti wakiongozwa na Donald Orlic, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na Piero Anversa, Mwitalia aliyekuwa Chuo cha Tiba cha New York, walisema wamedunga seli za uboho pembeni mwa sehemu iliyokufa ya moyo wa panya. Siku 9 baadaye, walidai, misuli mipya ilikuwa imejaza asilimia 68 ya sehemu hiyo. Robo karne imepita, na tiba iliyotarajiwa haijapatikana.

Uzito wa ahadi ile unaeleweka. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, seli za misuli zipatazo bilioni moja zinaweza kufa kwa saa chache tu. Mahali pake hujaa kovu gumu lisilojikunja wala kusukuma damu, na sehemu iliyobaki hulazimika kubeba kazi yote.

Miezi minne baadaye kundi lile lile lilikuja na dai jepesi zaidi kutekeleza. Safari hii halikuhamisha seli. Liliwapa panya vichocheo viwili vya ukuaji, SCF na G-CSF, ili uboho umwage seli zake kwenye damu nazo zielekee moyoni zenyewe. Vichocheo vya namna hii havikuwa vigeni. Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walikwisha kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa kuvigundua vya kwanza. Na G-CSF ilikuwa tayari hospitalini, sindano wanayochomwa wagonjwa wa saratani ambao seli zao nyeupe za damu zimepungua.

Basi madaktari hawakuwa na sababu ya kungoja. Munich waliijaribu kwa wagonjwa 114 waliotoka kupata mshtuko wa moyo, Copenhagen kwa 78. Matokeo yalitoka mwaka 2006: mioyo ya waliopewa dawa haikusukuma damu vizuri kuliko ya wenzao waliochomwa sindano isiyo na dawa.

Lakini onyo lilikuwa limetolewa miaka miwili kabla, kwenye kurasa za Nature hiyo hiyo. Charles Murry wa Seattle na Loren Field wa Indiana walikuwa na panya wa aina ya pekee. Panya hao walikuwa wamewekewa jeni ambayo huwaka ndani ya seli za misuli ya moyo peke yake, na ukipaka dawa ya maabara, viini vya seli hizo hugeuka buluu. Wakachukua seli za uboho wao na kuzipandikiza katika mioyo ya panya wengine. Zikigeuka misuli, buluu itaonekana. Zisipogeuka, hakuna cha kubishania. Walirudia upandikizaji mara 145, wakakata mioyo vipande vyembamba na kuvipekua kwa darubini. Buluu haikuonekana.

Katika toleo lile lile, watafiti wa Stanford waliripoti kwamba seli za uboho walizozipandikiza moyoni zilibaki kuwa seli za damu. Wakosoaji walieleza pia kasoro ya njia ya awali: iliutegemea sana mng'ao wa rangi chini ya darubini, ilhali misuli ya moyo iliyojeruhiwa hung'aa yenyewe.

Anversa hakutetereka. Mwaka 2007 alihamia Boston, hospitali ya Brigham and Women's iliyo chini ya Harvard, akitetea pia kwamba moyo wenyewe una seli shina zake, zinazoweza kuzaa misuli mipya. Mwaka 2014 maabara ya Jeffery Molkentin, Cincinnati, ilionyesha kuwa seli hizo huzaa misuli kwa kiasi kidogo mno, kisichoweza kumsaidia mgonjwa. Mwaka huo huo Anversa aliishtaki Harvard na hospitali yake, akidai uchunguzi dhidi yake umemharibia jina, kesi ikatupwa. Aprili 2017 hospitali ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza madai ya serikali kwamba fedha za utafiti zilipatikana kwa takwimu za uongo. Oktoba 2018 Harvard na hospitali hiyo zilitaka makala 31 za maabara yake ziondolewe majaridani.

Inauma kuona jina la Anversa likijulikana kuliko la Murry au la Field. Wagonjwa wengi walichomwa sindano kwa matumaini yaliyokwisha kupimwa na kukosa ushahidi, na mifuko ya utafiti bado humlipa anayetangaza jambo jipya kwa urahisi kuliko anayelihakiki.

Utafiti wenyewe unaendelea kwa sauti ya chini. Mwaka 2009 Jonas Frisén na wenzake wa Stockholm walipima kaboni iliyosambazwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakakuta kijana wa miaka 25 hubadilisha takribani asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 asilimia 0.45. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 11 wa upasuaji wa mishipa ya moyo. Baadhi yao walidungwa maelekezo ya kijeni ya kutengeneza VEGF, kichocheo kinachootesha mishipa ya damu. Sindano ilionekana salama, lakini kundi lilikuwa dogo mno kuthibitisha kwamba inatibu. Hadi leo mwenye mshtuko wa moyo huokolewa kwa kuzibuliwa mshipa mapema, kabla misuli haijafa.